Jua Lililochorwa Ukuta wa Kaskazini

Kila mfanyakazi mpya anayeingia ghala letu la Dubai Investments Park huuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini sakafu imejaa mistari ya chaki na rangi kama ramani ya mji uliobomoka. La pili, kwa nini kuna jua la manjano lililochorwa juu ya sanduku la umeme, kwenye ukuta usio na dirisha. Nilistaafu mwezi uliopita, kwa hiyo sitakuwapo kujibu. Naandika haya ili Otieno, dereva wa foklifti, aache kuwaambia watu kwamba lile ni tangazo la mafuta ya kupikia.

Nianze na jambo ambalo nyote mnalijua sasa, ingawa mlilijua kwa kuchelewa. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mshauri wa safari za kupiga mbizi katika pwani ya Australia. Australia sijafika. Kuogelea sijui. Sikumficha mtu mambo haya. Hakuna aliyeniuliza.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa mlinzi. Duka la arbab, yaani tajiri wetu, liko Deira, kati ya wakala wa mizigo na duka la mapazia ya jumla, na linauza vifaa vya mbizi: miwani, mapezi ya miguuni, mitungi ya hewa, mavazi ya mpira. Upande wa nyuma lina meza moja ya kuuzia safari. Mimi ni mtu wa Nanyuki, bara kabisa, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona pamoja yalikuwa ya mto, tena yakipita na haraka zake. Nilipewa kiti nikaambiwa nisikikalie mteja akiwapo. Msimu wa joto wateja hawakuwapo, kwa hiyo nilikaa sana.

Chini ya meza ya safari palikuwa na maboksi matano ya vijitabu vya matangazo kutoka Australia, yaliyotumika kuinulia mashine ya fotokopi. Niliomba ruhusa, nikaweka matofali badala yake, nikaanza kusoma. Nilivisoma vyote mara mbili, mara ya pili kwa penseli. Ndipo nikaona kwamba vijitabu viwili vinatofautiana kwa mita tatu kuhusu kina cha mahali pamoja. Jambo hilo lilininyima raha. Nikawaandikia wote wawili, nikieleza kwa heshima kwamba bahari ni moja na kwa hiyo mmoja wao amekosea. Wote walijibu. Wa kwanza alishukuru. Wa pili alinieleza habari za maji kupwa na kujaa, jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Masomo yangu yalianzia hapo, na tabia yangu ya kuwaandikia watu barua za kuwasahihisha ilianzia hapo pia. Ikumbukeni, maana itarudi.

Muuza safari wa wakati ule alikuwa mpiga mbizi hodari kweli, na kwa sababu hiyo hakupatikana dukani. Siku moja mteja alimuuliza arbab wale papa wenye madoa wa Byron Bay huonekana miezi gani. Arbab akatazama dari. Nikajibu kutoka mlangoni:

"Wakati wa joto lao, sir, Disemba kwenda mbele. Akienda katikati ya mwaka atawakosa, ila atawakuta papa wengine, wale ambao meno hayatoshi mdomoni."

Arbab alinigeukia. Bibi yake alitoka Unguja, na Kiswahili alichomwachia anakizungumza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Wewe. Njoo ukae hapa."

"Na mlango, sir?"

"Mlango una miguu?"

Wiki ya kwanza mezani sikuwa na shati jingine ila lile la ulinzi, lenye mistari mitatu ya dhahabu mabegani. Wateja wakaiona mistari, wakasikia ninavyotaja kina na mkondo bila kufungua kitabu, wakaanza kuniita Kapteni. Niliwasahihisha wawili wa kwanza. Wa tatu alidhani ni unyenyekevu, akalipia safari ya watu sita. Nikajiwekea kanuni ambayo nawaachia na ninyi: usimwambie mteja hata siku moja kwamba umeona kitu. Mwambie kinaonekana wapi, lini, na kwa kina gani. Sikuivunja kanuni hiyo. Kilichobaki watu walijijazia wenyewe.

Chombo changu cha kazi kilikuwa kadi. Kila mahali pa kupigia mbizi palikuwa na kadi moja ngumu, ya ukubwa wa kiganja. Mbele niliandika kina, mkondo, mwonekano wa maji na miezi mizuri. Nyuma niliandika kichwa kimoja tu cha habari: mambo yanayoweza kumtia mtu hofu. Mtakaozirithi, someni nyuma kwanza. Mtu hakwami kwa kutojua kina. Hukwama kwa kukutana na kitu ambacho hakuambiwa.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Bi Mwanaidi, mtunza ghala, mzaliwa wa Makunduchi, aliyekulia kando ya bahari na hana hamu nayo. "Bahari ya samaki," aliniambia siku tulipojuana. "Mie nimeiona. Imenitosha." Alinifundisha kushika shingo ya mtungi kwa kiganja: ukisikia ubaridi unakutafuta, mtungi unavuja, urudishwe karakana ya Ras Al Khor bila majadiliano. Alinifundisha kukagua kile kipete cha mpira kinachokaa kati ya mtungi na kipumulio. "Watu wanaogopa papa," alikuwa akisema, akikigeuza kwenye ncha ya kidole. "Papa hajaua mteja wetu hata mmoja. Kaa na hiki, kiogope hiki."

Mimi nilimsomea kadi, yeye akanipa majina. Wale samaki wakubwa wa Cod Hole, kaskazini mwa Queensland, wanaomfuata mpiga mbizi kama ng'ombe wanaojua saa ya chumvi, akasema ni chewa, tena chewa tu, hawana maajabu. Lakini nilipomwonyesha picha ya yule kiumbe wa gati la Rapid Bay, kule kusini, mwenye majani mwili mzima, aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu si samaki," akasema. "Huyu mchicha. Wamekudanganya, Gitonga."

Sasa nifike kwenye sakafu. Mteja mmoja alisafiri mpaka Queensland kuiona Yongala, meli iliyozama kwenye tufani zamani na sasa imeota matumbawe kutoka tezi mpaka omo, yaani nyuma mpaka mbele. Alirudi na picha sitini za nguzo moja. Chini kule alidhani ameizunguka meli yote, kumbe alizunguka mlingoti. Alikaa mbele ya meza yangu, mtu mzima, akasema kwa huzuni, "Kapteni, laiti ningeipita kwanza kwa miguu."

Nililitafakari neno hilo wiki nzima. Watu hufanya mazoezi ya gwaride. Hufanya mazoezi ya harusi, ambayo ni rahisi kuliko meli iliyozama. Nikanunua chaki na kamba ya kupimia, nikaomba ghala siku ambazo mizigo ni michache, nikaanza kuchora.

Yongala ilinipa shida mara moja kwa sababu ni ndefu kuliko ghala. Omo ilianzia mlango wa choo, na tezi ikatoka nje, ikavuka uwanja, ikaingia kiwanda cha vioo cha jirani. Mlinzi wa kiwanda kile, kijana Mganda mwenye msimamo, alikataza tezi isiingie bila kibali. Kama mlinzi wa zamani niliona ana haki. Nikaandika kibali: aina ya mzigo, sehemu ya nyuma ya meli, uzito, hakuna, muda wa kukaa, saa moja. Alikisoma, akagonga muhuri. Bi Mwanaidi alitutazama wote wawili tukipeana mkono juu ya mstari wa chaki, akasema, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akaenda kumimina chai.

Mazoezi yalikuwa hivi, na nawasihi msiyabadilishe. Mteja anavaa mtungi, miwani na kipumulio. Anatembea kwenye mistari kwa mwendo wa kuogelea, yaani polepole mpaka anaona aibu. Hasemi, anatumia ishara za mikono. Mimi nashika saa na kuhesabu pumzi zake. Otieno na foklifti ni taa mkubwa, yule samaki bapa mwenye mkia, anapita juu, yaani pembeni, bila honi. Bi Mwanaidi ni samaki yeyote anayelala chini. Mwisho wa njia kuna meza ya chai, na meza hiyo siku zote iko mahali ilipo kamba ya kupandia kwenye boti. Asiyefika mezani kwa hewa aliyo nayo hanywi chai, anarudia.

Kesi ngumu hazikukosekana. Bwana mmoja, mhandisi, aliishiwa hewa katikati ya sakafu. Mshale wa mtungi ulifika sifuri, akaanza kupiga miguu, macho yametoka, akinionyesha ishara ya kukata koo. Ilibidi Otieno amshike mabega. "Sir, toa hiyo kitu kwa mdomo. Sir! Uko ghala, uko DIP!" Alitoa kipumulio, akavuta pumzi, akakaa chini akalia. Nilimwandikia kwenye kadi kwamba hayuko tayari, na alinishukuru. Mara nyingine walikuja wachumba wawili kujiandaa kwa fungate. Bwana harusi aliona tezi kwanza akaikimbilia, akamwacha mwenzake na taa nyuma ya masanduku. Bibi harusi alifika mezani, akanywa chai yake yote taratibu, akasema, "Khalas," akaenda zake. Safari ilifutwa, na harusi pia. Naihesabu miongoni mwa kazi zetu nzuri.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mwaka baada ya mwaka, hadi alipokuja Madam Shirin.

Madam Shirin ni daktari wa meno, mzaliwa wa Mombasa, mwenye kliniki hapohapo Deira. Aliniambia habari yake bila kuzunguka. Miaka mingi nyuma alikwenda Fish Rock, mwamba mtupu unaochomoza baharini karibu na mji mdogo wa South West Rocks. Mwamba ule umetobolewa na pango linaloingia upande mmoja na kutokea wa pili, na katikati kuna giza ambapo mwanga wa milango yote miwili haufiki. Alifika kwenye giza, akageuka, akarudi.

"Sasa fikiria kazi yangu, Kapteni," alisema. "Kutwa nzima namwambia mtu fungua mdomo, akifungua tu, naliona lile pango. Juzi mgonjwa kafungua, mimi ndiye niliyepiga kelele."

"Mgonjwa alisema nini, madam?"

"Alitaka kujua jino limeharibika kiasi gani."

Alitaka kwenda tena, na alitaka kupita. Nikamtolea kadi, nikasoma nyuma kwanza. Kisha tukajenga pango ghalani: njia tatu kati ya rafu, tukazifunika turubai. Unaingia kwenye rafu za mapezi, unapinda kwenye rafu za miwani, na gizani kabisa, kwenye rafu za mikanda ya risasi inayomzamisha mpiga mbizi, unahesabu pumzi kumi na mbili huku ukienda. Ukitoka unageuka kushoto, na hapo kuna meza ya chai. Pale kwenye kona ya pili hulala papa wa kule, bapa kama zulia, mwenye ndevu, ambaye hana neno na mtu. Bi Mwanaidi aliipokea nafasi hiyo kwa furaha. "Kazi ya kulala naiweza," alisema, akatandika kanga.

Alifanya mazoezi mara tisa. Ndani ya turubai alikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa mlangoni pa kutokea: akishatoka alishikwa na wasiwasi, akasimama, hajui aende wapi. Dira alikuwa nayo mkononi, lakini mtu mwenye hofu hasomi sindano. Nilitaka kumpa kitu kikubwa kuliko sindano. Lango kuu la ghala letu linatazama kusini, na adhuhuri jua huingia pale kama mtu wa nyumbani. Nikamwambia, "Madam, ukitoka tafuta upande wenye mwanga mkali. Uweke bega la kushoto, uende. Utafika kwenye kamba." Tukajaribu. Alitoka, akaweka mwanga bega la kushoto, akafika mezani bila kusita. Niliona nimefanya uvumbuzi. Katika miaka yote ile sikuwahi kumfundisha mteja kufuata jua. Yeye alikuwa wa kwanza.

Akapanda ndege kwenda Australia. Siku mbili baadaye, nikiweka nakala zake kwenye faili, nilisoma hati ya hoteli yake. Ilisema: chumba kinatazama kaskazini na kina jua mchana kutwa. Nilitabasamu kidogo kwa kosa la wenzangu, nikakaa, nikawaandikia. Niliwaeleza kwamba mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na nikawaomba warekebishe mojawapo, lolote watakaloona rahisi.

Jibu nilikuta asubuhi iliyofuata, nilipofungua duka. "Bwana mpendwa, tunakushukuru kwa umakini wako. Huku kwetu yote mawili ni kweli. Jua letu hupita kaskazini. Karibu ujionee."

Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikasoma tena nikiwa nimekaa. Nimezaliwa karibu na Ikweta, ambako vijana huwaonyesha wageni maji yanavyozunguka kwenye beseni. Nyumbani kwetu jua lilichoma mlango wa jikoni miezi kadhaa, kisha likahamia upande wa zizi la mbuzi miezi kadhaa. Tangu utoto nilijua kwa mgongo wangu kwamba jua halina upande wake. Lakini miaka mingi ya lango moja la ghala ilikuwa imenifundisha vingine. Nilikuwa nimemfundisha mwanamke mwenye hofu atoke pangoni, na aogelee kwa uhakika kuelekea bahari kuu.

Nilijua mbizi yake ni kesho, kwa hiyo nilipiga simu hotelini bila haraka. Mapokezi wakaniambia hali ya hewa ya kesho ni mbaya, wamesogeza boti iwe leo mchana. Hapa ilikuwa saa mbili asubuhi. Kule ilikuwa saa nane mchana, na madam alishaondoka. Wakanipa namba ya boti.

Hapa niseme jambo kuhusu kanuni zangu. Mimi ndiye niliyeagiza kwamba simu zote za Australia zipigwe kwa spika, ili wanaojifunza kazi wasikie. Dukani walikuwapo Otieno, ameleta mitungi, Bi Mwanaidi, amekuja kuihesabu, wateja wawili, na arbab mlangoni, na kikombe chake cha kahawa.

Nahodha alikuwa mwanamke, sauti yake ikigombana na upepo.

"Yuko chini," alisema. "Wameingia dakika kumi zilizopita. Nani mwenzangu?"

"Ndiye niliyemfundisha pango."

"Ah, Kapteni! Ametusimulia habari zako njia nzima. Kuna nini?"

"Nimemfundisha vibaya. Akitoka ataweka jua bega la kushoto. Atakwenda upande wa bahari kuu."

"Kiongozi wangu yuko mbele yake. Lakini mkondo leo unakimbia. Akigeuka vibaya mlangoni hatamwona tena." Kisha akauliza, "Mbona umfundishe hivyo? Wewe umepiga mbizi hapa mara ngapi?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha spika. Ningeweza kukibonyeza, nikasema naye peke yangu. Ningeweza pia kusema mara kumi. Lakini nikisema mara kumi, atadhani pengine nina sababu asiyoijua, atasita. Mtu mmoja alikuwa gizani akihesabu pumzi nilizompangia mimi, na hakuna aliyeruhusiwa kusita.

"Hata mara moja," nikasema. "Sijafika Australia. Kuogelea sijui. Nilidhani jua lenu liko kusini."

Wote dukani walinigeukia. Otieno ndiye aliyesema kwanza.

"Kapte, wacha jokes."

"Nyamaza wee," alisema Bi Mwanaidi. "Mie nilijua tangu mwaka wa kwanza. Aliruka ndoo ya kudekia kama anavuka mto."

"Sawa," ilisema spika. "Nazungusha boti upande ule. Usikate simu."

Hatukukata. Tulisikiliza injini, kisha mawimbi, kisha injini tena. Mteja mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna mapezi ya namba arobaini na mbili, hakujibiwa, akaomba radhi. Arbab alikaa kwenye kile kiti cha mlinzi ambacho hakikaliwi mteja akiwapo. Kahawa yake ilipoa mkononi. Nilifungua kadi ya Fish Rock, upande wa nyuma, na chini ya mambo yanayoweza kumtia mtu hofu nikaongeza moja: mimi.

Dakika ya ishirini na sita ulisikika mgongano wa mitungi, mtu akikohoa, na nahodha akisema, "Tunaye, tunaye, ameshika kamba." Kisha:

"Kapteni! Nimepita!"

"Madam Shirin. Jua nilikwambia..."

"Jua gani? Huku mawingu matupu toka asubuhi! Nimetoka mlangoni, mwanga uleule kila upande, natafuta jua lako, wapi! Nikaanza kushikwa. Halafu nikasema, we Shirin, hapa ghalani hapa. Umetoka kwenye risasi. Chai iko wapi?"

"Kushoto," nikasema.

"Kushoto! Nikageuka kwenye chai, nikakuta kamba. Na Kapteni, ile kona ya pili, anapolala Bi Mwanaidi, amelala! Papa mwenyewe, na ndevu zake! Hofu yote ikaniisha, nikamwamkia."

"Umemwamkia vipi, na kipumulio mdomoni?"

"Shikamoo, hivyohivyo. Mapovu mengi."

"Kaitikia?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Hakuitikia, bibi."

"Hana adabu," alisema Bi Mwanaidi, akatoka nje upesi. Kupitia kioo nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nikakata simu. Arbab aliinuka, akaja mbele ya meza yangu. Nilisimama. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuacha kazi, yenye aya tatu.

"Babu yangu," alianza, akishuka ngazi zake moja moja, "alizamia lulu maisha yake yote, na hakuwa na karatasi hata moja. Wewe una karatasi zote, na hujalowa hata mara moja. Ningewachanganya nyinyi wawili, ningepata mtu mmoja mzima." Akatazama dari, kama siku ile ya kwanza. "Kosa ni jua?"

"Ni jua, sir."

"Basi lihamishe. Yalla."

Mchana ule nilikwenda ghalani na kopo la rangi ya manjano. Lango la kusini sasa hufungwa kila panapofanyika mazoezi ya Australia, na jua ni lile lililo juu ya sanduku la umeme, ukuta wa kaskazini. Halizami, halisogei, na linatosha. Nawaomba mlipake upya rangi ikififia. Na mkimfundisha mtu, mwonyesheni jua baada ya kumwonyesha chai. Meza ya chai msiisogeze hata kwa sentimita moja.

Nilikaa mwaka mmoja zaidi. Waliendelea kuniita Kapteni, ila mteja akiniita hivyo nilimweleza ukweli wote, kwa mpangilio, kabla hajakaa. Watatu waliondoka. Waliobaki waliomba kuliona ghala.

Siku yangu ya mwisho Madam Shirin alikuja Deira na daftari lake la mbizi. Kila mpiga mbizi analo: hujaza kina, joto, mkondo na mwonekano, na chini kabisa mwenzi wake wa mbizi hutia sahihi kuthibitisha kwamba alikuwa naye. Ukurasa wa Fish Rock ulikuwa umejaa, isipokuwa mstari huo.

"Tia sahihi," alisema.

"Madam, siwezi. Sikuwapo."

"Kiongozi alikuwa mbele yangu, hakugeuka hata mara moja. Nani alikuwa nami mle gizani, akinihesabia pumzi? Tia."

Nilimwambia kwamba sijawahi kuandika jambo nisilolishuhudia, na sitaanza siku ya mwisho. Alinisukumia kalamu, akasema, "Basi andika ulilolishuhudia." Nikalitafakari hilo, nikaona halina kosa. Nikapiga mstari pembeni mwa takwimu zake, nikajaza za kwangu, za ghalani. Kina: mita sifuri. Joto: nyuzi thelathini na tisa. Mkondo: feni mbili, moja mbovu. Mwonekano: mpaka ukuta wa kaskazini.

Kisha nikatia sahihi, jina tupu, bila cheo.